Somo: Namna ya kuisoma faini ya rushwa kabla hujanunua hisa za kampuni

Ndugu wanachama, kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu uwekezaji endelevu, zinazotumika tangu Januari 2023, zina kiashiria kinachohesabu mara ambazo kampuni imetiwa hatiani kwa rushwa na kiasi cha faini ilizotozwa. Ni kiashiria chenye manufaa, ila anayekisoma harakaharaka hupotea, na mfano tunao hapahapa nyumbani.

Hatua ya 1: Usiishie kwenye idadi ya hatia. Mwaka 2012 hadi 2013, Standard Bank ya London na benki dada yake, Stanbic Tanzania, ziliitafutia Serikali yetu mkopo wa dola milioni 600. Ada ilipandishwa kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4, na nyongeza hiyo, dola milioni 6, ikalipwa kwa kampuni ya hapa nchini iliyoingizwa katikati. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitolewa taslimu ndani ya siku chache. Novemba 2015 shauri lilimalizika London kwa mapatano ya kuahirisha mashtaka, yaani kampuni inakubali masharti na malipo ili mashtaka yasiendelee; kisheria huko si kutiwa hatiani. Kwenye safu ya hatia, basi, utaandika sifuri.

Hatua ya 2: Ichambue jumla. Standard Bank ilitozwa adhabu ya dola milioni 16.8, ikarejesha faida ya milioni 8.4, ikailipa Tanzania fidia ya milioni 6 pamoja na riba inayozidi milioni 1. Ukiandika faini tupu, unapata milioni 16.8; ukijumlisha yote, unapita milioni 32. Ninashauri kila fungu liwe na safu yake, kwa sababu fidia ndiyo inayomtaja aliyedhulumiwa, naye ni mlipakodi wa Tanzania.

Hatua ya 3: Linganisha mwaka wa kosa na mwaka wa adhabu, kwani adhabu huweza kuja miaka kadhaa baada ya kosa. Uchunguzi ambao haujaisha utafute kwenye maelezo ya hesabu, penye dhima tarajiwa, yaani madeni ambayo huenda kampuni ikalazimika kuyalipa baadaye.

Hatua ya 4: Uliza nani alifichua. Hapa wafanyakazi wa Stanbic wenyewe walishtuka kuona fedha zinavyotolewa, taarifa ikapanda hadi makao makuu ya kundi la benki hizo, Johannesburg, na benki ikajiripoti. Kuiweka kapu moja na kampuni iliyoficha mpaka ikanaswa ni kuwakosea waliothubutu kusema.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Je, fedha za rada za BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza iliyoiuzia Tanzania rada, zinaingia humu?

Jibu: Marahaba. Kwa maneno ya kiashiria, hapana. Desemba 2010 BAE ilitozwa pauni 500,000 kwa kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, si kwa rushwa, huku pauni milioni 29.5 zikielekezwa kwa Watanzania, zikanunua vitabu na madawati. Mimi huiandika pembeni, pamoja na maelezo, kwani kuiacha kabisa kungemficha mwekezaji jambo zito.

Swali: Kampuni yenye sifuri kote ni safi?

Jibu: Si lazima; huenda inafanya kazi mahali ambapo kampuni hazishtakiwi. Kanuni hizo zina viashiria vingine viwili vinavyouliza kama sera ya kupinga rushwa ipo na kama ukiukwaji ulichukuliwa hatua za kutosha. Mwandikie katibu wa kampuni, uliza ni nani anayeidhinisha malipo ya mawakala na ni nani anayehakiki kazi waliyoifanya. Zile dola milioni 6 zilipita kwenye mlango huo.