SOMO: Namna ya kutumia dawa za petroli ili injini ndogo isigome

Wakuu, habari za kazi. Mwezi huu nimefungua kabureta tatu (kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini): ya jenereta, ya pampu ya maji na ya mashine ya kukata nyasi. Zote zina ugonjwa mmoja. Ndani ya kikombe cha kabureta, panapokaa petroli, kuna utando wa kahawia, unanata, unanuka kama vanishi. Jeti ya kabureta, yaani kile kipande chenye tundu dogo la kupitishia petroli, ukiinyanyua kwenye mwanga unapaswa kuona nukta ya duara, safi, haifiki hata milimita moja. Mbili kati ya hizo sikuona mwanga kabisa. Na wenye mashine wote watatu walikuwa wametia dawa kwenye tangi, ila waliitia petroli ikiwa imeshaharibika. Ndiyo maana nimeona niliandike hili kwa kirefu.

Hatua ya 1: Jua unanunua dawa gani

Dukani chupa zinafanana, kazi zao ni tofauti. Kuna dawa ya kuhifadhi, ambayo huchelewesha petroli kuungana na hewa na kugeuka gundi. Kuna ya kusafisha, inayoyeyusha uchafu kwenye jeti na valvu. Nzuri zaidi ni zile zilizoandikwa PEA (kemikali ya kusafisha) kwenye lebo. Kuna ya kuondoa maji, ambayo kwa kawaida ni alkoholi. Halafu kuna ya kupandisha okteni, yaani uwezo wa petroli kustahimili mbano bila kulipuka mapema. Hiyo ya mwisho iache. Injini ndogo nyingi za mipigo minne hubana mchanganyiko wa hewa na petroli kidogo tu, na petroli ya kawaida inazitosha. Baadhi ya dawa hizo zina manganizi, inayoacha rangi nyekundu kama kutu kwenye plagi.

Ukiwa na hela ya chupa moja, nunua ya kuhifadhi.

Hatua ya 2: Anza na petroli mpya

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, naomba tuelewane vizuri. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi huruka na zinazobaki hushikana na oksijeni. Ndani ya mwezi mmoja hivi inaweza kuanza kuchoka, na kwenye joto ni haraka zaidi. Dawa ya kuhifadhi inachelewesha huko kushikana na oksijeni. Likishatokea, hakuna chupa itakayolirudisha nyuma.

Kwa hiyo dawa itie siku ileile unayonunua petroli. Mimi huimimina kwanza kwenye dumu tupu, halafu petroli inafuata juu yake. Ikishuka kwa nguvu inaichanganya yenyewe. Tumia dumu la mafuta lenye kifuniko kinachobana, usilijaze hadi mdomoni kwa sababu petroli inatanuka, kisha andika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Usihifadhi kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto hajui tofauti.

Hatua ya 3: Pima

Fuata lebo. Dawa nyingi za kuhifadhi nilizotumia huenda kama mililita 30 kwa lita 10. Kwa lita 3 ni mililita 9, na hizo unazipata kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kukadiria kwa kifuniko kwenye tangi dogo ni kujidanganya.

Kwa injini za mipigo miwili, kama msumeno wa mnyororo, dawa haichukui nafasi ya oili. Kama kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1, bado ni mililita 20 za oili kwa kila lita. Kama ni 25 kwa 1, ni mililita 40. Changanya vyote kwenye dumu, utikise, ndipo utie kwenye tangi.

Hatua ya 4: Iwashe mpaka dawa ifike kwenye kabureta

Hili nililipata kwa hasara yangu. Mwaka wa kwanza nilitia dawa kwenye tangi la jenereta nikafunga kifuniko, nikaondoka. Niliporudi miezi saba baadaye, petroli ya tangini ilikuwa nzuri, na ile iliyobaki kwenye kikombe cha kabureta, ambayo haikuonja dawa hata tone, ilikuwa imekauka ikawa gundi. Siku hizi natoa mashine nje penye hewa, maana moshi wake unaua ndani ya chumba, naiwasha dakika 10, halafu nafunga koki ya mafuta nikiiacha ikiunguruma mpaka izime yenyewe. Kikombe kinabaki kikavu. Kama kina skrubu ya kumwagia chini, ifungue injini ikiwa baridi, utoe matone ya mwisho.

Hatua ya 5: Kagua maji

Chota mafuta kidogo kutoka chini kabisa ya tangi, weka kwenye chupa ya kioo, acha yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo utayaona yamekaa chini kama shanga. Yakiwa matone machache, dawa ya alkoholi itasaidia. Yakiwa tabaka zima, toa mafuta yote tangini.

Petroli iliyochanganywa na ethanoli (aina ya alkoholi) inahitaji umakini zaidi. Ethanoli huvuta unyevu, na maji yakizidi kiasi, ethanoli hujitenga na petroli na kushuka chini pamoja na maji hayo. Kwenye mipigo miwili hiyo ni hatari kubwa: oili inabaki juu na petroli, huku mashine ikifyonza chini kusiko na oili. Pistoni inakwaruzika ndani ya muda mfupi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, jenereta yangu inapandisha na kushusha mlio bila kutulia, nikivuta choki (ya kupunguza hewa) inatulia. Dawa ya kusafisha itaiponya?

Jibu: Hiyo inakosa petroli, jeti imeziba nusu. Kwa kuwa bado inawaka, jaribu: mafuta mapya, dawa ya kusafisha kwa kipimo cha lebo, iendeshe nusu saa, izime ilale na dawa usiku kucha, kesho uiwashe tena. Isipobadilika baada ya tangi moja, fungua kabureta. Usichokonoe jeti kwa waya wa chuma, ni shaba laini, tundu litapanuka na vipimo vitaharibika. Tumia uzi mmoja wa waya laini wa umeme na upepo wa kompresa.

Swali: Mkuu, nikizidisha dawa mara mbili si itafanya kazi haraka zaidi?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Dawa ya kusafisha haiungui vizuri kama petroli. Ikizidi, plagi inachafuka na mashine inawaka kwa shida.

Swali: Nina petroli ya mwaka jana, lita 15, imekuwa ya rangi ya chai. Naweza kuichanganya na mpya kidogo kidogo?

Jibu: Ikishabadilika rangi hivyo na kunuka vanishi, usiipeleke kwenye injini ndogo. Ipeleke kwa wanaopokea mafuta machafu, usiimwage ardhini wala kwenye mtaro.

Swali: Pampu yangu ni ya dizeli. Natumia dawa hiihii?

Jibu: Usitumie isipokuwa lebo iseme inafaa dizeli. Dizeli ina tatizo lake: vijidudu huota pale maji na mafuta yanapokutana, ukaona ute mweusi kwenye chujio. Toa maji chini ya tangi kwanza, badilisha chujio, ndipo utie dawa ya kuua vijidudu iliyotengenezwa kwa dizeli. Vaa glovu unapoipima, ni sumu.