CT ya mishipa ya moyo Kisumu: chai iache nyumbani

Kijana akizimia akiwa mbioni usikimbilie kusema ni jua ama hakula. Ndugu yangu mdogo alianguka hivyo kwa mpira wa shule, isiji (kipimo cha umeme wa moyo) ikasoma sawa, eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) ikasema moyo unapiga vizuri, na bado daktari akaitisha CT, picha za eksirei za kompyuta, ya mishipa ya koronari, ile inayolisha moyo wenyewe damu. Kuna watu huzaliwa mshipa mmoja kati ya hiyo ukiwa mwembamba ama mfupi, haukukua tangu tumboni. Ukikaa tu hausumbui, shida ni mbio, moyo unaitisha damu na njia ni kama mrija wa soda, na hapo mtu anaweza kufa ghafla. Eko huona kuta na valvu, lakini mshipa haiufuati mpaka mwisho.

Sasa ukipewa tarehe, masaa 12 kabla hakuna chai, kahawa wala soda ya kola, na manne ya mwisho hakuna chakula, maji tu. Sisi tulitoka Kakamega alfajiri, gari ikasimama Chavakali, nikamnunulia chai ya maziwa na mandazi mbili, mimi mwenyewe, nikidhani namsaidia. Kufika, mapigo ya moyo 94 kwa dakika, na wao wanataka chini ya 65 hivi, kwa sababu moyo ukienda mbio picha inatoka na ukungu na mshipa wa milimita mbili utauonaje hapo? Tukarudishwa.

Pimwa kriatinini mapema, kipimo cha damu cha kuangalia figo, kwani figo ndizo hutoa mwilini ile dawa unayodungwa ili mishipa ionekane kwa picha. Sema kama una asthma, aleji, mimba, ama unameza metformini ya kisukari. Na wanaume, kama umetumia Viagra sema tu, kuna dawa ya chini ya ulimi wanayokupa kabla ya picha ya kupanua mishipa, zikikutana presha inaanguka vibaya.

Ndani ni sindano kwa mkunjo wa kiwiko, waya kifuani, mikono juu ya kichwa. Dawa ikiingia joto linapita kooni linashuka mpaka chini, utaapa umejikojolea, hujajikojolea. Ukiambiwa vuta pumzi ushikilie, shikilia kweli, sekunde kama kumi hivi, fanyeni zoezi nyumbani.

Ripoti ikisema mshipa ni mdogo usianze kulia. Uliza ni milimita ngapi, unaishia wapi, na ni upande gani unalisha nyuma ya moyo. Wengi wetu ni wa kulia, lakini kwa wale wa kushoto mshipa wa kulia kuwa mdogo ni maumbile tu. Uliodumaa kweli mara nyingi haufiki milimita 1.5 na hakuna tawi la jirani la kujazia. Omba CD yenye picha zenyewe, si karatasi peke yake, ukitumwa Eldoret ama Nairobi watataka kujionea.

Na mpaka daktari aseme, hakuna mpira hata wa mtaani. Wetu viatu vyake viko juu ya kabati ya mama, na anajua viko hapo.