Kujenga kidogo kidogo kijijini Dodoma: mwaka uishie wapi

Mume na mke wanaojenga kwa fedha ya alizeti au zabibu hupanga kazi kwa misimu. Huku mvua ni ya msimu mmoja: huanza Desemba, mara nyingine mwishoni mwa Novemba, na kukatika Aprili. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya kumwita fundi, jiulizeni swali moja: fedha hii ikiishia hapa, mvua itakuta nini? Vituo salama ni vitatu tu: msingi uliojazwa kifusi, boma (kuta zisizo na paa) lililofungwa lenta (mkanda wa zege na nondo juu ya milango na madirisha), na nyumba iliyopauliwa. Ukisimama katikati ya vituo hivyo, sehemu ya fedha yako inaondoka na maji.

Vipimo vya hapa ni vya nyumba ya mita 9 kwa 8, yenye kuta za ndani za mita 20 hivi.

Karatasi kwanza. Kama ni ardhi ya kijiji, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na majina yote mawili yaandikwe. Ni kazi ndogo wakati kiwanja ni kitupu kuliko baada ya bati kung'aa.

Kiwanja kikagueni Oktoba, ardhi ikiwa imekauka kabisa. Mkiona nyufa zinazomeza vidole, hiyo ni mbuga: udongo mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Upo sehemu nyingi za Bahi na mabondeni kwingine. Msingi wa kawaida hapo hupasua kuta kila mwaka, na hakuna plasta itakayoficha. Kama mna pengine pa kujenga, hameni. Kwenye udongo mwekundu au wa kichanga, chimbeni hadi pagumu, mara nyingi sentimita 60 hadi 90.

Mawe Dodoma si tatizo, kwa hiyo msingi wa mawe ndio wenye akili. Zege la chini ni moja kwa tatu kwa sita: saruji, mchanga, kokoto. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni karibu ndoo moja na robo tatu ya lita 20, maana yake mfuko mmoja unachukua ndoo 5 za mchanga na ndoo 10 za kokoto. Pimeni kwa ndoo. Fundi anayepima kwa koleo hupunguza saruji jua likizidi kuwaka, bila hata kukusudia.

Mchanga wa korongoni upimwe kabla ya kulipia lori. Jazeni chupa ya plastiki theluthi moja mchanga, ongezeni maji, mtikise, mwache hadi kesho yake. Tope litatulia juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, kataeni, kwa sababu tope huzuia saruji kushika.

Hapa ndipo mjenzi wa polepole anapomshinda mwenye haraka. Jazeni kifusi ndani ya msingi kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa, kisha kiacheni kinyeshewe msimu mzima. Kitashuka chenyewe. Mwaka unaofuata ongezeni kilichopungua, nyunyizieni dawa ya mchwa kwenye kifusi na kandokando ya kuta, tandikeni nailoni nzito, ndipo mmwage jamvi (sakafu ya zege) la nchi 4. Sakafu nyingi hupasuka kwa sababu kifusi kilikuwa bado kinashuka. Na dawa ya mchwa msiiruke: katika Tanzania ya kati mchwa hula fremu kutoka ndani, ukija kugundua imebaki rangi.

Tofali zifyatuliwe mapema, hata mwaka mmoja kabla. Tofali la nchi 6 linataka mfuko mmoja kwa tofali 25 hadi 30. Anayetoa 45 anauza mchanga. Likwaruzeni kwa msumari: likitoa unga, si la kujengea. Nyumba hii itahitaji tofali 1,300 pamoja na za kuvunjika, yaani mifuko 45 hivi ya saruji. Zimwagilieni asubuhi na jioni kwa siku 7 na mzifunike, maana jua na upepo wa huku hukausha tofali kabla halijapata nguvu. Maji ya visima vingi ni ya chumvi. Kwa tofali yanavumilika, ingawa yataacha weupe ukutani. Kwa zege lenye nondo, tafuteni maji yasiyo na chumvi, la sivyo nondo italiwa na kutu ndani kwa ndani.

Msianze kuta kama fedha haifiki lenta. Kozi (mistari ya tofali) 9 kutoka kwenye jamvi, kisha lenta: nondo 4 za milimita 12, ringi (vyuma vilivyokunjwa kuzifunga nondo) za milimita 8 kila sentimita 20, zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto kwa mfuko. Kwa kuta za mita 54, lenta ya sentimita 15 kwa 20 inakula mifuko 11 ya saruji na nondo 21 za mita 12, zikiwa zimelazwa sentimita 50 kwenye maungio. Dodoma iko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na mitetemeko hutokea, kwa hiyo lenta izunguke kuta zote, za ndani pia.

Kabla zege halijakauka, chomekeni vipande vya nondo ya milimita 8 kila mita moja na nusu, virefu vya kutosha kupita kozi 3 za juu na kukunjwa juu ya mbao ya ukutani. Kuna mafundi wanaogongelea mbao hiyo kwenye tofali kwa misumari. Upepo ukija, paa linaondoka na tofali zake.

Saruji nunueni ya kazi ya mwezi huo tu. Ikikaa miezi mitatu imeshapungua nguvu. Bati na nondo vinasubiri, hivyo fedha ya mavuno inayobaki iende huko. Bati geji 28, ambayo ni nene zaidi, badala ya 30, na mbao za paini zilizotiwa dawa. Gata ziwekwe siku ileile ya kupaua: paa la mita za mraba 90 likipata mvua ya milimita 10 linawapa lita 700 hivi, na simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua saba za namna hiyo. Hayo ndiyo maji ya plasta yenu. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, yamebeba vumbi la miezi saba.

Baada ya paa mnaweza kuhamia, mkianza na choo, milango ya nje, grili na chumba kimoja chenye sakafu. Mabomba ya umeme yapite kabla ya plasta. Plasta ya nje ni mfuko mmoja kwa ndoo 7 za mchanga, unene usizidi milimita 15, ukuta ulowanishwe kwanza. Fuateni kivuli: asubuhi upande wa magharibi, mchana upande wa mashariki. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa moja msiuongeze maji, utupeni. Rangi isubiri angalau mwezi, na weupe wa chumvi ukitokea mfute kwa brashi kavu. Ukiosha kwa maji unarudi.