Kabla hujanunua gari la kazi Malindi, lala chini uliangalie

Kama ndiyo unaanza ufundi wa bomba, stima au usafi wa mazulia, usikimbilie pikapu. Kazi zikiwa za humu mjini, tuktuk ya mizigo inabeba mabomba na sanduku la vyombo bila shida, na spea hukosi. Wateja wa Watamu na Mambrui wakiwa wengi, hapo sasa fikiria Probox, kile kigari cha Toyota chenye nafasi ya mizigo nyuma.

Ila huku kwetu kinachoua gari ni chumvi kuliko kilomita. Upepo wa bahari hula chuma kuanzia chini, kusikoonekana. Mimi nililizwa na kigari kilichong'aa kama sahani ya harusi; mwezi wa pili mguu wa abiria ukatoboa sakafu! Kwa hiyo tandika gunia, lala chini na bisibisi, gonga chesisi na pale springi zinaposhikia. Chuma kizima hulia. Kilichooza hakilii, na bisibisi inazama kama kwenye muhogo wa kuchemsha. Inua na zulia la ndani. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi juzi tu, uliza kunafichwa nini.

Jina la kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, liwe la huyo anayekuuzia, na usimalize pesa kabla hajaanzisha uhamisho wa umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Bakisha za bima pia.

Ukishalipata, lioshe chini kila wiki kwa maji matamu. Ya kisima cha karibu na pwani mara nyingi yana chumvi ileile.