Kabla ya Kuhamisha Gigabaiti 200 kwenye Mtandao wa Watu Wengi

Chukua mfano wa studio ya video za harusi iliyopanga chumba ghorofa ya tatu. Kompyuta ya kuhariria ina gigabaiti 200 za video na picha, na zinatakiwa ziende kwenye kompyuta ya kuhifadhia iliyo chumba cha pili. Ruta ni moja, ya mwenye jengo, na humo wamo pia fundi cherehani, wakala wa tiketi, na kila mtu aliyewahi kuomba nywila ya Wi-Fi akapewa. Kuhamisha kwenyewe ni amri ya mstari mmoja. Kitakachoamua kama kazi itaisha leo, na kama faili zitafika kwa mwenyewe peke yake, ni maandalizi kabla ya kubonyeza Enter.

Hesabu ya muda, halafu waya

Anza na hesabu, maana ndiyo inayochagua njia. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, ukubwa wa faili kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kwa hiyo waya wa mtandao (Ethernet) wa gigabiti moja hauwezi kuzidi megabaiti 125 kwa sekunde, na ukiondoa gharama za njiani unapata kama 110. Gigabaiti 200 zitapita kwa nusu saa hivi. Waya huohuo ukishuka hadi megabiti 100, unabaki na megabaiti 11 na kazi inakula saa tano. Wi-Fi ya 2.4 GHz kwenye jengo lenye ruta kila mlango ikikupa megabaiti 5, jiandae kwa saa kumi na moja, na majirani nao wajiandae kulalamika.

Waya kushuka hadi 100 bila kukuambia ni ugonjwa wa kawaida sana. Ndani yake mna nyaya ndogo nane, yaani jozi nne. Gigabiti inazitaka zote nane. Megabiti 100 inatosheka na nne, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Pini moja kati ya zilizobaki isipobanwa sawasawa, kompyuta zinakubaliana kimya kimya kwenda polepole, taa inawaka kama kawaida, na wewe unailaumu diski. Hakikisha mapema: kwenye Windows fungua PowerShell uandike `Get-NetAdapter` uangalie safu ya LinkSpeed, kwenye Linux tumia `ethtool` na jina la kadi yako ya mtandao. Ukitaka ushahidi zaidi, weka iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, pande zote mbili, `iperf3 -s` kwa mpokeaji na `iperf3 -c` pamoja na anwani yake kwa mtumaji. Waya mzima wa gigabiti utasoma karibu megabiti 940. Ukisoma 94, badilisha waya au ubane upya kichwa chake kabla hujagusa kitu kingine.

Vyumba vikiwa vimepakana, njia bora ni kuiacha ruta ya jengo kabisa na kuunganisha kompyuta mbili kwa waya mmoja. Zamani ulihitaji waya uliopishanishwa nyaya zake. Kadi za gigabiti hujirekebisha zenyewe, na Cat5e ya kawaida inafika mita 100. Moja ipe anwani 192.168.50.1, nyingine 192.168.50.2, zote mbili zikiwa na 255.255.255.0. Sehemu ya Gateway iache tupu, kwa sababu ukiijaza kompyuta itajaribu kupitisha intaneti yote kwenye waya ule na utadhani ruta imekufa. Kama Wi-Fi ya jengo nayo inagawa anwani za 192.168.50, hamia kwingine, mfano 10.77.0.1 na 10.77.0.2, kwani safu mbili za anwani zikifanana, kompyuta haijui ipite wapi.

Wi-Fi ikiwa ndiyo pekee uliyo nayo, jua kwamba ruta nyingi huwatenga wageni wasionane. Intaneti itafanya kazi kwenye kompyuta zote mbili, lakini zenyewe hazitaonana hata kwa `ping`. Hapo usihangaike na mipangilio ya kompyuta. Kizuizi kiko kwenye ruta.

Nani mwingine yumo humo ndani

Nywila ya Wi-Fi haikukingi na mtu ambaye naye anayo. Kwenye WPA2, ulinzi wa kawaida wa Wi-Fi, ya nywila moja kwa wote, anayeijua nywila akinasa salamu za kwanza laptopu yako inapoungana na ruta anaweza kuyafungua mawasiliano yako yanayofuata. WPA3, iliyotoka 2018, imeziba hilo, ila ruta za zamani hazina. Waya kwenye swichi ya pamoja nao usikupe usingizi. ARP, itifaki ya mwaka 1982 ambayo kompyuta huitumia kuuliza "anwani hii ni ya nani?", haina namna ya kuhakiki jibu. Kompyuta yoyote ikijibu "ni yangu", data inaanza kupita kwake.

Kwa hiyo FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili, itoe kwenye orodha, hata kama programu iko tayari na kila mtu anaijua: jina, nywila na faili vyote hupita wazi. Itoe pia `python3 -m http.server`, inayopendwa kwa wepesi wake. Haina nywila wala usimbaji, na yeyote akifungua mlango 8000 wa kompyuta yako anaiona folda nzima. Kushea folda kwa Windows kunakubalika kwa masharti. SMB, itifaki inayotumika kushea huko, toleo lake la 1 lizimwe, kwani ndilo lililopitiwa na WannaCry, programu haribifu ya kudai fidia, Mei 2017. Ruhusa isiwe ya Everyone. Na usimbaji wa SMB 3 uwashwe kwa folda husika, mfano `Set-SmbShare -Name harusi -EncryptData $true`. Bila hatua hiyo ya mwisho, faili zako husafiri zikisomeka.

Kwa mzigo mkubwa sisi tunaegemea SSH, itifaki ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa njia iliyosimbwa. Tatu Ylönen wa Ufini aliiandika mwaka 1995 baada ya mtandao wa chuo kikuu chake kuwekewa programu ya kunasa nywila, yaani kwa tatizo hilihili la kuishi na watu usiowajua kwenye waya mmoja. SFTP na rsync, zana mbili za kuhamisha faili, zote hupita ndani yake, na mlango wa kufungua ni mmoja tu, namba 22.

Alama ya seva: yes ambayo watu huijibu bila kusoma

Ukiungana kwa SSH mara ya kwanza, skrini inakwambia uhalisi wa mashine ile hauwezi kuthibitishwa, inaonyesha mstari unaoanza na `SHA256:` kisha herufi na tarakimu zilizochanganyika, na inauliza kama uendelee. Karibu kila mtu huandika `yes`. Lakini hiyo ndiyo nafasi pekee ya kumgundua yule aliyejibu "ni yangu". Ukimkubali, usimbaji wote utakuwa kati yako na yeye.

Dawa yake ni dakika mbili. Kabla ya siku ya kazi, keti mbele ya kompyuta ya mpokeaji uandike `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`. Mstari unaotoka unakili kwenye karatasi au uupige picha kwa simu. Ukiungana, linganisha herufi kwa herufi, zote, maana mbili tatu za mwanzo hazithibitishi kitu. Na siku ukiona onyo kubwa kwamba alama imebadilika, usikimbilie kufuta ule mstari wa zamani kama unavyoelekezwa mitandaoni. Uliza kwanza: mashine iliwekewa mfumo upya? Anwani ile imepewa kompyuta nyingine? Kama majibu yote ni hapana, simamisha kazi.

Kwa upande wa mtumaji, tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, uulinde kwa kaulisiri, kisha upeleke kwa `ssh-copy-id`. Ukishahakikisha unaingia kwa ufunguo, na si kabla, weka `PasswordAuthentication no` kwenye mipangilio ya seva. Wanaoanza na hatua hiyo ya mwisho hujifungia nje. Mpokeaji atengeneze akaunti ya kazi hii tu, isiyo na mamlaka ya msimamizi, yenye ruhusa ya kuandika kwenye folda moja.

Faiawoli ya mpokeaji nayo iruhusu kompyuta moja badala ya mtandao mzima: `sudo ufw allow from 192.168.50.1 to any port 22 proto tcp`. Wengi husahau kwamba ukiwa umeunganisha waya wa moja kwa moja huku Wi-Fi bado imewaka, seva ya SSH inasikiliza pande zote mbili, na fundi cherehani bado anaufikia mlango wako. Kama kuna kanuni ya zamani inayoruhusu mlango 22 kwa wote, ifute, la sivyo hii mpya haibani chochote. Au zima Wi-Fi.

Diski ya mpokeaji

Nafasi iangaliwe kwa namba: `du -sh` kwa folda inayotoka, `df -hT` kwa diski inayopokea. Diski ya terabaiti 1 itaonekana 931 kwenye Windows, na hujaibiwa; mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024. Usijaze diski hadi ukingoni.

Safu ya aina ya mfumo wa faili kwenye `df -hT` ina maana kuliko nafasi. Ukikuta `vfat`, yaani FAT32, faili moja haiwezi kuzidi gigabaiti 4. Video ndefu ya harusi itakatikia hapo na utaambiwa diski imejaa au faili ni kubwa mno, ilhali kuna nafasi tele. Diski ya nje ipigwe fomati ya exFAT au NTFS kabla, ukijua kufomati kunafuta kila kitu. Majina pia: Windows haikubali `:`, `?`, `*` wala alama za nukuu kwenye jina, kwa hiyo "Maulid 12:30.mp4" inayokaa vizuri Linux itagoma. Na `Keki.jpg` na `keki.jpg` kwa Linux ni faili mbili. Kwa Windows ni moja, na moja itaifuta nyingine.

Halafu ujue kwamba SSH hulinda safari tu. Faili zikifika zinalala wazi kwenye diski ya pale. Kama ni rekodi za wagonjwa, nakala za vitambulisho au mishahara, zifunge kabla hazijaondoka, kwa 7-Zip yenye AES-256 na chaguo la kuficha majina ya faili, na nywila uipeleke kwa njia nyingine. Data ya namna hiyo ina sheria zake, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022.

Amri yenyewe na mambo yanayoikata

Tunapendekeza rsync kwa sababu moja: ikikatika, inaendelea. `scp` ikikatika kwenye gigabaiti 180 inaanza sifuri. Amri iandike kwenye faili ya maandishi mapema:

`rsync -aP /data/harusi/ mhariri@192.168.50.2:/hifadhi/harusi/`

Mkwaju (`/`) wa mwisho baada ya `harusi` ya kwanza una maana yake. Ukiwepo, vinahamishwa vilivyomo ndani ya folda. Usipokuwepo, inahamishwa folda yenyewe na unajikuta na `/hifadhi/harusi/harusi`. Ongeza `n` iwe `-aPn`, na rsync itakuonyesha itakachofanya bila kugusa kitu. Usiweke `-z`: MP4 na JPG zimeshabanwa, utachosha prosesa bure. Usiweke `--delete` wala `--remove-source-files` katika kazi ya mara moja. Mwenye Windows asiye na rsync atumie WinSCP kwa SFTP, nayo huendeleza faili kubwa iliyokatika. Mkiwa na picha ndogondogo laki moja kasi itashuka hata kwa waya mzuri, kwani kila faili ina shughuli yake ya kufungua na kufunga. Zifunge kwa `tar` ziwe faili moja.

Kompyuta kulala ndiko kunakoua kazi nyingi kuliko wadukuzi. Linux tanguliza `systemd-inhibit`, Mac tanguliza `caffeinate -i`, Windows weka usingizi kuwa Never, na laptopu isifunikwe. Umeme nao ufikirie: laptopu ina betri yake, kompyuta ya mezani na swichi havina. Kama UPS ni moja, iende kwa mpokeaji, kwani ndiye anayeandika kwenye diski.

Orodha ya kuhakiki, na jaribio

Hakiki, yaani orodha ya alama ya SHA256 ya kila faili, iandaliwe kwenye chanzo kabla ya kuhamisha. Ingia ndani ya folda uandike `find . -type f -exec sha256sum {} + > ../orodha.sha256`. Ile `../` inaiweka orodha nje ya folda. Ukiisahau, orodha itajihesabu yenyewe ikiwa bado inaandikwa na baadaye italeta kosa la uongo. Kwa diski ya sahani inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde, gigabaiti 200 zitachukua dakika 22 hivi, zihesabu kwenye ratiba. Orodha nayo ipeleke upande wa pili. Huko, ukiwa ndani ya folda iliyofika, `sha256sum -c --quiet` pamoja na orodha ile ikinyamaza, zote zimefika salama. Kwa Windows ni `certutil -hashfile` jina la faili na `SHA256`, moja moja. Kuhesabu idadi ya faili na ukubwa wa folda hakutoshi, kwani faili iliyoharibika katikati ina ukubwa uleule.

Chini ya amri hizo, kwenye faili ileile ya maandishi, andika na za kufungia: `sudo ufw delete allow from 192.168.50.1 to any port 22 proto tcp`, na ya kufuta akaunti ya muda. Zikisubiri kukumbukwa saa nne usiku, mlango utabaki wazi hadi mwezi ujao.

Kisha jaribu kwa faili moja ya gigabaiti 5. Kwa waya wa gigabiti imalizike ndani ya dakika moja. Rudia na faili nyingine ya ukubwa huo, na ikifika nusu chomoa waya makusudi, rsync ikisimama ikatishe kwa Ctrl+C, rudisha waya, endesha amri ileile. Ikiendelea kutoka ilipoishia na `sha256sum` ya pande mbili ikalingana, peleka gigabaiti 200.