Kuandaa kozi ya chuo cha ahueni, kuanzia karatasi tupu

Katika chuo cha ahueni, anayeishi na ugonjwa wa akili, ndugu yake na hata muuguzi wa kliniki huketi darasa moja kujifunza namna ya kuishi na ugonjwa huo, wote wanafunzi. Mtu hujiandikisha mwenyewe, hahitaji barua ya daktari. Uingereza ilianza kuujaribu mtindo huu kusini magharibi mwa London mwaka 2009, ikichota uzoefu wa Boston na Phoenix, Marekani. Nottingham ikafuata 2011.

Usingoje jengo. Ukumbi wa kata unatosha, na kozi moja ya saa mbili inatosha kuanzia. Hapa nachukua mfano wa kozi ya usingizi, kwa kuwa karibu kila mgonjwa ana la kusema juu ya usingizi.

Hatua ya 1: Pata wawezeshaji wawili kabla ya kuandika neno

Mmoja awe amepitia ugonjwa wenyewe, mwingine awe mtaalamu: muuguzi, mwanasaikolojia, ofisa ustawi wa jamii. Nimeona mara nyingi mtaalamu akimaliza kuandaa kila kitu peke yake, kisha anamwita mgonjwa aje kutoa ushuhuda wa dakika kumi. Huyo amealikwa kupamba shughuli, hakuandaa kitu.

Hatua ya 2: Zungumzeni fedha siku hiyo hiyo

Posho ya kuandaa, posho ya kufundisha, nauli. Mmoja akiwa kazini kwa mshahara na mwenzake akaambulia soda na asante, usawa mnaouhubiri darasani haupo. Wekeni na muda wa kumfunza aliyepitia ugonjwa kazi ya uwezeshaji. Kampala, wagonjwa wa zamani wa Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili, walipewa mafunzo kwanza, ndipo wakatumwa kuwatembelea majumbani wenzao waliotoka wodini.

Hatua ya 3: Andikeni kuanzia karatasi tupu

Hapa ndipo kazi ilipo, msiikimbize. Tundikeni bango kitita, zile karatasi kubwa za kuandikia, ukutani na aliyepitia ugonjwa ndiye ashike kalamu. Swali la kwanza: mtu akitoka hapa, usiku wa leo afanye nini tofauti?

Mtaalamu atakuja na ushauri unaofahamika: amka saa ile ile kila siku, punguza chai ya rangi kuanzia alasiri, na usingizi ukigoma usijigaragaze kitandani, nenda chumba kingine. Ushauri wenyewe ni mzuri. Lakini mwenzake atauliza, "Chumba kipi?" Analala na watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga, na akifungua mlango saa nane za usiku mama mwenye nyumba anaamka kuuliza kulikoni. Basi mnakaa na kutafuta: kiti kando ya kitanda, mgongo ukutani, redio ndogo kwa sauti ya chini, taa isiwashwe. Hicho ndicho kinachoingia kwenye somo.

Mtaalamu naye ana lake la kulinda. Mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia akikosa usingizi usiku kadhaa huku nguvu zikimzidi, huenda hiyo ni dalili kwamba hali inapanda. Aende kliniki mapema. Na dawa zikimlevya asubuhi, asiziache wala kubadilisha saa za kumeza kabla ya kuongea na anayemtibu. Haya yaandikwe waziwazi, hata kama mwenzake ana kisa cha kuacha dawa na kubaki mzima.

Mkikosa kuafikiana, wekeni maoni yote mawili kwenye somo. Wanafunzi ni watu wazima. Ila jambo la usalama lisipigiwe kura.

Hatua ya 4: Chagueni kisa kitakachosimuliwa

Mwezeshaji ndiye anayeamua asimulie nini na aishie wapi. Mimi hupendekeza asimulie kile anachoweza kukisema mbele ya jirani yake, maana mtaani kwetu jirani huenda ndiye aliyeketi safu ya pili.

Hatua ya 5: Siku ya darasa

Panga viti kwa duara, makoti meupe yabaki kliniki. Gawaneni vipindi kwa haki: mtaalamu asichukue somo lote na kumwachia mwenzake utambulisho. Mpate mwezeshaji wa akiba, kwa sababu yeyote kati yenu anaweza kuamka vibaya. Kubalianeni mapema nani atatoka nje na mwanafunzi akizidiwa, na namba ya kliniki iandikwe ubaoni tangu mwanzo.

Kumbusheni pia kwamba hili ni darasa, halichukui nafasi ya matibabu.

Hatua ya 6: Rekebisheni kabla hamjatawanyika

Waulizeni wanafunzi kipi hakitekelezeki nyumbani kwao. Fungueni lile bango kitita na mkate mistari pale pale, wakiona. Kabla ya kufunga ukumbi, muulize aliyesema mengi zaidi kama angependa kuandaa kozi ijayo nanyi, na umtajie posho yake ni kiasi gani.