Kuandaa chipu ya AT45DB011D kwa ajili ya konsoli ya hali ya hewa

Anayetaka kuiunganisha konsoli ya Davis Vantage (kifaa cha kuonyesha vipimo vya hali ya hewa) na kompyuta kwa njia ya siriali, yaani biti moja baada ya nyingine, kupitia chipu ya kumbukumbu ya AT45DB011D, aishughulikie rejista ya usalama ya chipu hiyo, yaani sehemu ndogo ya kumbukumbu iliyotengwa, kwa uangalifu wa pekee, kwa sababu baiti zake 64 za kwanza huandikwa mara moja tu na hazifutiki kamwe. Kwanza isome rejista yote kwa amri ya 77h (h huonyesha namba ya msingi wa 16) na uhakikishe kwamba sehemu hiyo bado ni tupu, yaani kila baiti ni FFh. Kisha, unapoandika kwa amri ya 9Bh, tuma baiti zote 64 bila kukatiza, kwani ukiishia njiani, au umeme ukikatika wakati wa kuandika, yaliyomo hayaaminiki tena. Umeme wenyewe uwe kati ya volti 2.7 na 3.6.

Baada ya hapo, kasi ya kawaida ya mawasiliano kati ya kompyuta na konsoli ni biti 19200 kwa sekunde. Konsoli huamshwa kwa herufi ya mstari mpya, nayo ikikaa kimya kwa sekunde 1.2, itume tena herufi hiyo, hadi mara tatu, ndipo utume neno TEST, ambalo inapaswa kulirudisha.